Paneli ya Wati 280, Betri Inapokea 119: Nyingine Zinakwenda Wapi?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na ingawa kila mwandishi ana shida yake, zote zinakigusa kifaa kimoja kidogo kinachofungwa ukutani kati ya paneli na betri, ambacho mafundi hukiita chaji kontrola, au kontrola tu. Tunaanza na barua iliyobeba hoja kubwa kuliko nyingine.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nina saluni ya kunyoa hapa Ngaramtoni. Mwaka jana nilinunua paneli moja ya wati 280, betri ya N200 na kontrola ya ampea 20 iliyoandikwa PWM. Hata jua la saa sita likiwa kali na anga jeupe, kioo cha kontrola hakijawahi kuonyesha zaidi ya ampea 9. Jamaa yangu mmoja alizidisha ampea 9 kwa volti 13.2 za betri, akapata wati 119, akaniambia nimeuziwa paneli feki. Fundi aliyenifungia anaapa kuwa paneli ni nzima. Nimwamini nani? – *Kinyozi, Ngaramtoni, Arusha*

JIBU: Ndugu yetu, hesabu ya jamaa yako ni sahihi, lakini hukumu aliyoitoa si sahihi. Fundi ana haki: paneli ni nzima. Alichokosea fundi ni kuifungisha ndoa paneli hiyo na kontrola isiyoendana nayo.

Panda juu ya bati usome kibandiko kilicho mgongoni mwa paneli. Kwa paneli ya wati 280 yenye seli 60, yaani vile vipande vya miraba vinavyoonekana usoni mwake, utakuta namba zinazokaribiana na hizi: kando ya herufi Vmp (volti paneli inapotoa nguvu kubwa kabisa) pameandikwa volti 31.5, kando ya Imp (ampea za wakati huohuo) ampea 8.9, na kando ya Voc (volti bila mzigo wowote) volti 38.5. Zidisha 31.5 kwa 8.9 utapata wati 280 ulizolipia. Kwa hiyo mtengenezaji hakukuahidi wati 280 kwa volti zozote zile utakazojisikia kutumia. Alikuahidi kwa volti 31.5 tu, tena katika maabara, seli zikiwa na joto la nyuzi 25 na mwanga ukiwa wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba.

Paneli ina tabia yake. Ampea zake zinatokana na wingi wa mwanga, na hazibadiliki sana hata ukizibana volti zake. Ukiiacha juani bila kuiunganisha na kitu chochote, inaonyesha volti 38.5, lakini hakuna ampea hata moja inayopita, kwa hiyo wati ni sifuri. Ukizigusanisha waya zake mbili, zinapita ampea 9 na zaidi, lakini volti zimeanguka hadi sifuri, na wati ni sifuri vilevile. Kati ya hali hizo mbili pana mahali pamoja tu ambapo volti zikizidishwa kwa ampea jibu linakuwa kubwa kuliko pengine pote. Mahali hapo ndipo tutakapopaita kilele cha nguvu, na maswali yote ya mwezi huu yanazunguka hapo.

Kontrola yako ya PWM ni swichi. Inapoifungulia paneli njia ya kwenda kwenye betri, vitu hivyo viwili vinakuwa vimeunganishwa moja kwa moja, na kwa kuwa betri ndiyo yenye ubavu, huivuta paneli iteremke hadi kwenye volti zake yenyewe. Paneli inaendelea kutoa ampea zake 9, lakini inazitoa kwa volti 13.2 badala ya 31.5. Nguvu iliyobaki haiendi kwenye betri wala haihifadhiwi popote. Inabaki ndani ya paneli ikiwa joto. Jamaa yako aliyapata majibu ya hali hiyo, ila akamlaumu asiyehusika.

Kontrola ya aina ya pili, ile inayoandikwa MPPT, haikubali paneli iburutwe hivyo. Inaiacha ifanye kazi kwenye volti zake za kilele, kisha inashusha volti na kupandisha ampea kabla ya kuipa betri. Ni sawa na kuvunja noti moja ya shilingi elfu kumi ukapewa noti tano za elfu mbili: noti zimekuwa nyingi, thamani ni ileile, isipokuwa anayekuvunjia anajikatia chake kidogo. Kontrola nzuri hujikatia kati ya asilimia 2 na 7, na kiasi hicho utakihisi kwa mkono kama uvuguvugu kwenye mapezi ya bati yaliyo mgongoni mwake.

Hata hivyo, usitarajie kuziona wati 280. Paneli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25, na juu ya bati la saluni, saa saba mchana, seli hufika nyuzi 55 bila shida. Nyuzi 30 zilizozidi zinakula asilimia 12, zinabaki wati 246. Kontrola ikijikatia asilimia 4, zinabaki 236. Betri ikiwa na volti 13.5 wakati huo, utaziona ampea 17 na nusu kwenye kioo. Ni karibu mara mbili ya unazopata leo, kwa paneli ileile na jua lilelile.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko hata hizo wati. Betri ya N200 ya risasi na asidi, yenye ujazo wa ampea-saa 200, inapenda kuchajiwa kwa ampea zisizopungua sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, yaani ampea 20 hivi. Wewe umekuwa ukiipa 9, tena mashine za kunyolea zikizipunguza mchana kutwa. Betri inayoishi nusu tupu kila siku huota ukoko wa chumvi ya risasi kwenye sahani zake, na ukoko huo ukikomaa hautoki. Kama betri yako imeanza kuishiwa saa moja ya jioni wakati zamani ilifika saa tatu, usishangae.

Nunua kontrola ya MPPT ya ampea 30, maana ya ampea 20 itabanwa siku ambazo paneli imepoa na jua ni kali. Ifunge karibu na betri, na kipande cha waya kati yake na betri kiwe kinene na kifupi kadiri iwezekanavyo, kwa sababu sasa ampea nyingi ziko upande huo. Unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Siku ya kufungua, anza na paneli. Na mtu akikushauri uongeze betri ya pili, uziunganishe ziwe volti 24, ubaki na PWM yako, mkatalie kwa upole. Paneli ya seli 60 ikipata joto, volti zake za kilele hushuka hadi 27 hivi, na betri za volti 24 zinahitaji karibu volti 28.8 ili zijae. Hazitajaa kamwe.

SWALI: Kwako mjibu maswali, salaam. Mimi ni mama mwenye genge hapa Pasua. Nina paneli ya wati 50 inayowasha taa nne na kuchaji simu za majirani. Kijana wangu ananihimiza ninunue kontrola ya MPPT, anasema umeme utakuwa mara mbili. Bei yake nikiitazama ni kubwa kuliko ya paneli yenyewe. – *Mama wa genge, Pasua, Moshi*

JIBU: Mama yetu, mwambie kijana atulie kwanza. Paneli yako kwa vyovyote ina seli 36, na volti zake za kilele ni 18 kwenye kibandiko. Kwa joto la Moshi la mchana zinashuka hadi 15 na nusu hivi, na betri inayochajiwa iko kwenye volti 13 hadi 14. Pengo lililobaki ni jembamba, na kontrola ya bei kubwa ikilikusanya lote itakuletea wati tatu au nne. Fedha hizo ongezea paneli ya pili ya wati 50, uiunganishe sambamba na ya kwanza, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, mradi kontrola uliyo nayo inazimudu ampea za zote mbili. Hapo mara mbili anayoisema kijana utaipata kweli.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma ufundi umeme hapa Moshi, mwaka wa pili. Tumefundishwa kuwa kilele cha nguvu kinahama kila wingu linapopita na kila paneli inapopata joto. Kontrola inajuaje kilele kiko wapi, nayo haina jicho la kulitazama jua? Na je, inaweza kudanganyika? – *Mwanafunzi, Moshi*

JIBU: Marahaba, kijana. Haijui, inapapasa. Jifikirie uko mlimani Kilimanjaro, ukungu umeshuka hata mkono wako huuoni, na umeambiwa ufike juu kabisa. Utapiga hatua moja na kusikiliza miguu: ukihisi umepanda, utapiga nyingine upande uleule, ukihisi umeshuka, utageuka. Kontrola hufanya hivyohivyo. Inapima volti na ampea za paneli, inazizidisha, inaweka jibu kwenye kumbukumbu. Kisha inasogeza volti kidogo, tuseme kutoka 31 hadi 31.2, inapima tena na kulinganisha. Wati zikiongezeka, inaendelea upande huo. Zikipungua, inarudi nyuma. Wahandisi huiita njia ya kusukuma na kutazama, na hurudiwa mara nyingi kwa kila sekunde, tangu asubuhi hadi jua linapozama.

Kutokana na hilo utagundua kwamba kontrola haitulii kamwe. Hata ikifika kileleni itavuka kidogo, irudi, ivuke upande wa pili, na kila inapovuka inapoteza wati chache. Mtunzi wa programu akiifanya hatua kuwa ndogo, hasara hiyo inapungua, lakini wingu likipita kontrola inachelewa kukifikia kilele kipya. Akiifanya kubwa, inawahi, lakini inayumbayumba zaidi. Ndiyo maana nyingine huanza na hatua ndefu, kisha huzifupisha kadiri zinavyokaribia.

Namna inavyozisogeza volti ndiyo sehemu ninayoipenda mimi. Ndani mna transista inayofanya kazi ya swichi, koili ya waya wa shaba uliozungushiwa pete nyeusi, na kapasita. Chukua swichi inayofunga na kufungua mara 50,000 kwa sekunde, kila mzunguko ukichukua mikrosekunde 20. Katika mikrosekunde 9 za kwanza swichi inapitisha umeme, na koili inaweka akiba ya nguvu katika usumaku wake. Katika 11 zinazobaki swichi imekata, na koili inaitoa akiba ile kuelekea kwenye betri. Tisa kati ya ishirini za volti 31 ni karibu volti 14, na hizo ndizo betri inazoziona. Ukibadilisha zile 9 ziwe 8 au 10, na betri ikabaki na volti zake, paneli ndiyo italazimika kuhama: 8 inaipandisha volti, 10 inaishusha. Akili yote ya kifaa hiki, pamoja na bei yake, iko katika kuichagua namba hiyo moja.

Sasa kuhusu kudanganyika. Wingu likiachia jua katika ile sehemu ya sekunde ambayo kontrola inapiga hatua kwenda upande usiofaa, wati zitaongezeka kwa sababu ya jua, nayo itadhani ni kwa sababu ya hatua yake, iendelee kupotea. Kwa ajili hiyo ipo njia nyingine inayotazama mteremko wenyewe: inalinganisha badiliko la ampea kugawanya kwa badiliko la volti na ampea zenyewe kugawanya kwa volti zenyewe, na viwili hivyo vikilingana huku alama zikiwa kinyume, uko kileleni na huna haja ya kusogea. Kaa na kalamu uithibitishe kwa hesabu za kutafuta mteremko mlizofundishwa. Haichukui mistari mitano.

Udanganyifu mbaya zaidi ni wa kivuli. Paneli ya seli 60 imegawanywa makundi matatu, na kila kundi lina diodi yake ya kupitishia umeme pembeni kundi linapofunikwa. Jani la mgomba likiangukiwa na jua la saa tatu na kuitupia paneli kivuli kwenye kona moja, diodi ya kundi lile inafunguka, na kilima kimoja cha nguvu kinageuka kuwa vilima viwili. Rudi mlimani kwenye ukungu wako. Ukianzia upande wa mashariki, miguu itakupandisha hadi Mawenzi, mita 5,149, na hapo kila utakapoweka mguu pataonyesha kushuka. Utaapa umefika juu kabisa, kumbe Kibo yenye mita 5,895 iko ng'ambo ya pili ya tandiko, ule uwanda ulio kati ya vilele hivyo viwili. Kontrola nzuri, kila baada ya muda fulani, huacha kupapasa na kuzipitia volti zote kuanzia juu hadi chini, kwa kitambo kifupi, ili ihakikishe haijakwama Mawenzi. Za bei ya chini nyingi hazifanyi hivyo. Kwa walio Kibosho na Machame, ambako nyumba imezama ndani ya kihamba, yaani shamba la migomba, panga la kukatia jani linashinda programu yoyote.

SWALI: Nimenunua kontrola mjini, boksi na uso wake vimeandikwa MPPT kwa herufi kubwa, na bei yake ilikuwa ya kutupa. Rafiki zangu wananicheka. Nitajuaje kama ni yenyewe bila kuifungua? – *Msomaji, Sakina, Arusha*

JIBU: Usione haya, hata mimi nimewahi kuuziwa ya namna hiyo, na duka silitaji. Nilipofungua skrubu nne za mgongoni nilikuta ubao mdogo, transista chache na kapasita mbili, basi, koili hamna. Bila koili hakuna cha kushushia volti na kupandishia ampea, hata boksi liandikwe kwa dhahabu.

Ya kwako hatuna haja ya kuifungua. Tafuta multimita, yaani kipimo cha umeme cha mkononi, hata ile ya njano ya bei nafuu, na ungoje saa tano za asubuhi siku yenye jua. Washa taa na feni usiku wa kuamkia siku hiyo ili betri isiwe imejaa, kwa maana betri iliyojaa inavuruga kipimo: kontrola yoyote itakuwa imeanza kuikatalia paneli, na volti za paneli zitapanda hata kwenye PWM. Weka multimita kwenye volti za umeme mnyoofu (DC), gusa skrubu mbili zinazopokea waya za paneli, uandike namba. Kisha gusa skrubu mbili zinazokwenda kwenye betri, uandike namba ya pili. Kwa paneli ya seli 60 na betri ya volti 12, MPPT ya kweli itakupa kitu kama 28 upande wa paneli na 13.4 upande wa betri. Ukikuta 13.7 na 13.3, umeuziwa PWM iliyovalishwa kanzu ya mwenzake.

Kipimo hicho hakifai kwa paneli ndogo ya seli 36, kwa sababu tofauti yenyewe ni finyu. Hapo tumia mkono na macho. MPPT ya kweli ya ampea 20 ni nzito, kwa ajili ya koili na pezi la kupoozea, na maelezo yake hutaja kikomo cha volti za paneli kama 75, 100 au 150. Inayotaja kikomo cha volti 50 huku ikijiita MPPT ya ampea 60, tena ukiinyanyua kwa vidole viwili, irudishe kabla risiti haijafutika.

SWALI: Kwenu wahariri. Mimi ni mkulima, naishi Oldonyo Sambu. Fundi alinifungia paneli mbili kubwa za wati 540 kwa mfululizo, yaani chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, na kontrola ya MPPT yenye kikomo cha volti 100. Kila paneli ina volti 49.5 bila mzigo. Alinieleza kuwa mbili ni 99, na 99 ni pungufu ya 100. Ilifanya kazi vizuri tangu Februari, ikafa asubuhi moja ya Julai. Duka linakataa kuibadilisha. – *Mkulima, Oldonyo Sambu*

JIBU: Pole sana, ndugu mkulima. Fundi alijumlisha vizuri, lakini alisahau baridi. Zile volti 49.5 zimepimwa kwa nyuzi 25, na paneli ikipoa volti zake hupanda kwa takriban asilimia 0.28 kwa kila nyuzi. Kwenu Julai paneli iliyolala nje inaamka na nyuzi 10 au chini yake. Nyuzi 15 pungufu ni asilimia 4.2, na 99 zako zimekuwa 103. Kulipopambazuka jua lilikuwa bado hafifu, na volti hazikufika huko. Hatari ilikuja baadaye, saa mbili au tatu, wingu lilipofunguka ghafla juu ya paneli ambayo bado ni ya baridi. Kuzidisha ampea kontrola nyingi huvumilia kwa kujipunguza zenyewe, lakini kuzidisha volti haivumiliki, kwa sababu transista ya kuingilia hutoboka kabla programu haijafanya uamuzi wowote. Duka likikataa, kwa masikitiko, lina hoja.

Utakaponunua nyingine, chukua yenye kikomo cha volti 150 na uendelee na mfululizo uleule, maana mfululizo una faida yake: ampea zinabaki zilezile za paneli moja, na waya kutoka shambani hadi nyumbani hauhitaji kuwa mnene. Ukilazimika kubaki na yenye volti 100, ziunganishe sambamba. Hapo volti zitakuwa za paneli moja, lakini ampea zitafika 26, na kwa umbali wa mita 20 waya wa milimita za mraba 4 utakula wati zaidi ya 100 jua likiwa kali. Kwa vyovyote vile, jumlisha Voc za paneli zote, ongeza moja ya kumi, na namba hiyo ndiyo isizidi kikomo cha kontrola.

SWALI: Nafuga kuku wa mayai Njiro. Kipindi cha Juni hadi Agosti mawingu hayabanduki hadi saa saba. MPPT itanisaidia? – *Mfugaji, Njiro*

JIBU: Kidogo. Chini ya wingu zito volti za kilele zinabaki karibu palepale, lakini ampea zinaanguka hadi sehemu moja ya tano au ya kumi ya zile za jua kamili. MPPT itakukusanyia vizuri kilichopo, kisichokuwepo haikiumbi. Piga hesabu ya paneli zako kwa kuutazama mwezi wa Julai, usitazame Januari.

SWALI: Ndugu Mhariri, nalima mpunga na nyanya Chekereni. Nataka kufunga pampu ya sola ya kisima isiyo na betri. Muuzaji mmoja anasema pampu yake ina kifaa cha kufuatilia jua ndani ya kontrola, na mwingine ananiuzia fremu ya chuma yenye mota inayozigeuza paneli zifuate jua kutwa nzima. Je, ni kitu kimoja? Kama si kimoja, ninunue kipi? – *Mkulima, Chekereni, Moshi Vijijini*

JIBU: Ndugu mkulima, ni vitu viwili tofauti, na nadhani maneno ya wauzaji ndiyo yaliyokuchanganya. Fremu ya mota inafuatilia jua lenyewe, kwa kuigeuza paneli. Kontrola ya pampu haigeuzi kitu. Inafuatilia kilele cha nguvu kwa umeme tu, kama tulivyomweleza mwanafunzi hapo juu, isipokuwa badala ya kuizingatia betri inazingatia kasi ya pampu. Wingu likipita, wati zikipungua, kontrola inapunguza mwendo wa mota hadi ule ambao paneli zinaweza kuubeba. Pampu iliyounganishwa bila kifaa hicho ingezivuta volti za paneli hadi chini, ikasimama, ikajaribu kuwaka tena, ikasimama tena, hadi mota iungue. Kwa hiyo kontrola huna hiari nayo. Ila fahamu kwamba kasi ikishuka mno, maji yanazunguka ndani ya bomba bila kufika juu, na kisima kikiwa kirefu hali hiyo huanza mapema.

Fremu ya mota mimi nisingeinunua kwa Chekereni. Inaongeza maji ya asubuhi na ya jioni, ni kweli, lakini ina bea, mota na vumbi la tambarare, na siku itakapogoma itagoma paneli zikitazama magharibi saa mbili asubuhi, wiki ambayo nyanya zinahitaji maji. Sehemu kubwa ya faida hiyo unaweza kuipata bila kitu kinachosogea. Moshi iko nyuzi tatu na kitu tu kusini mwa ikweta, jua linapita utosini katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na paneli iliyolala kwa mwinamo mdogo inafaidi mwaka mzima. Basi gawa paneli zako makundi mawili yenye idadi sawa, kila kundi likiwa limeunganishwa kwa mfululizo ndani yake. Moja liinamishe nyuzi 15 hivi kuelekea mashariki, la pili nyuzi 15 kuelekea magharibi, kisha uyaunganishe sambamba kwenye kontrola moja. Kwa kuwa mwanga hubadilisha ampea zaidi kuliko volti, makundi yote mawili yatakuwa na kilele karibu volti zilezile, na kontrola moja itayahudumia bila ugomvi. Kilele cha saa sita kitapungua kidogo, lakini pampu itaanza kuvuta mapema na itachelewa kulala.

Usije ukachanganya paneli za mashariki na za magharibi ndani ya mfululizo mmoja, kwa maana katika mfululizo ampea ni zile za paneli iliyo dhaifu kuliko zote, na asubuhi nzima walio kivulini watawafunga walio juani. Fedha ya fremu utakayoiokoa, jengea mnara na tenki kubwa. Mwinamo wa nyuzi 15 unatosha mvua za masika kuzisafisha paneli zenyewe. Kuanzia Julai, vumbi likishatanda, zioshe kwa maji na kitambaa laini alfajiri, kioo kikiwa bado cha baridi.